Hodi ya Nguzo za Simu

Kabla hujapanda kitu chochote kirefu, kigonge kwanza. Ninyi vijana mnaofunga minara na nyaya za kisasa mtacheka, maana minara yenu ni ya chuma na chuma hakiliwi na mdudu. Chekeni tu. Mimi nimepanda miti maisha yangu yote ya kazi, kutoka Korogwe mpaka Handeni na kurudi, mkanda kiunoni na vyuma vya kupandia miguuni, na karibu kila mti nilioupanda ulikuwa chakula cha mtu. Sikuogopa mvua, na radi niliizoea. Niliyemwogopa ni mdudu ambaye ningeweza kumponda kwa ukucha wa kidole gumba, kama angekubali kutoka nje.

Jina langu Mhina, Mzigua wa Handeni. Niliingia kazi ya laini za simu mara tu baada ya Uhuru, nikiwa na nguvu nyingi na akili za kubahatisha. Siku hizo simu ilipita kwenye waya, na waya ulikaa juu ya nguzo za miti, na miti yenyewe mingi ilikuwa mikaratusi iliyoshushwa kutoka milima ya Lutindi. Ikitoka mlimani ilikuwa mizuri, imenyooka, inanukia. Ikifika kwetu kwenye joto la tambarare, wadudu wanaiona kama ninyi mnavyoiona sinia ya pilau msibani.

Nguzo ya mti ina maadui watatu, na kila mmoja ana mtaa wake. Chini kabisa, pale usipoona, kuna mchwa. Huyu huingia kupitia mguu uliofukiwa, akala moyo wa mti na kukuachia ngozi. Katikati kuna bungua. Tundu lake ni dogo kama la sindano, na chini ya tundu utakuta unga laini, mweupe au wa rangi ya kahawa, kama mtu amechekecha muhogo hapo. Ukipasua utakuta mabuu yake, manene, meupe, yamelala ndani ya mapango yao yakitafuna bila kujali kama juu yao kuna mtu mwenye mke na watoto. Juu kabisa kuna kigong'ota. Wengi wanamlaumu ndege huyu kwamba anatoboa nguzo, na kweli anatoboa. Lakini anatoboa kwa sababu amemsikia buu ndani. Ukimwona kigong'ota ameng'ang'ania nguzo yako usimrushie jiwe. Mshukuru, halafu usipande.

Nimemsahau yule nyuki mweusi mnene anayechimba tundu la duara, safi kama limetobolewa kwa kekee. Yeye hana makuu. Anataka chumba kimoja cha kulea watoto. Mwacheni.

Haya yote alinifundisha Mzee Hoza, Msambaa wa Kwashemshi, aliyekuwa nyapara wa genge letu. Baada ya Azimio la Arusha tuliambiwa neno nyapara ni la kikoloni, sasa aitwe kiongozi wa kikundi. Yeye akasema, "Niiteni mnavyotaka, nyundo ni ileile." Alikuwa mfupi, mkavu, kofia yake ya kufumwa haitoki kichwani, na alikuwa na nyundo ndogo yenye mpini wa mpera ambayo hakumwazima mtu.

Siku ya kwanza alinipa nyundo ya kawaida akaniambia nigonge nguzo. Nikaipiga kama ninaua nyoka.

"Wewe, Mzigua," akasema, "kwenu mkifika kwa watu mnabisha hodi au mnavunja mlango?"

"Tunabisha hodi, Mzee."

"Basi bisha hodi. Halafu nyamaza usikilize kama kuna mwenyeji."

Ndivyo tulivyoiita kazi ile tangu siku hiyo, kubisha hodi. Unagonga usawa wa goti, usawa wa kifua, halafu juu mkono unapofika, ukizunguka pande zote. Nguzo nzima inajibu kwa sauti kavu na fupi, na nyundo inarudi mkononi. Nguzo iliyoliwa inasema pu, na nyundo inabaki pale kama imechoka. Mzee Hoza alitukaririsha: duniani kote ukibisha hodi ukaitikiwa, unaingia. Kwenye nguzo, ukiitikiwa, ondoka. Maana yake ndani kuna mwenyeji, na mwenyeji huyo ameshakula nyumba.

Baada ya kugonga unafukua mguu kwa sululu, kiasi cha mkono mpaka kwenye kiwiko, na unachoma kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye ugali, funga mizigo. Na jambo moja zaidi ambalo limeua watu: nguzo mbovu mara nyingi husimama kwa sababu ya waya. Waya wa huku unavuta, wa kule unavuta, nayo inaning'inia katikati kama mlevi anayeshikiliwa na rafiki zake. Wewe unapanda, unafungua waya, na marafiki wameondoka.

Sasa niwaambie mambo ya kuchekesha kidogo, kabla sijafika pale ninapotaka kufika.

Wakati watu walipokuwa wanahamia vijiji vya Ujamaa upande wa Handeni, tulipewa kazi ya kupeleka laini kwenye vijiji vipya. Kijiji kimoja, kwa moyo mzuri kabisa, kilifanya msaragambo, kazi ya watu wote pamoja, na kutusimamishia nguzo kabla hatujafika. Tukakuta nguzo moja imesimamishwa juu ya kichuguu. Waliona udongo wa kichuguu ni mgumu, unashika, na nguzo itakuwa juu kuliko zote. Gome hawakulibandua, ili, walisema, mti usipate baridi. Mzee Hoza akaizunguka nguzo ile mara kadhaa, mikono nyuma.

"Ndugu zangu," akasema, "mmempelekea fisi mbuzi mpaka kitandani."

Mama mmoja aliyekuwa na jembe begani akamjibu, "Waacheni, Mzee. Nao wamehamia kijijini kama sisi."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu tukaing'oa, tukaibandua gome, tukauchoma mguu wake motoni mpaka ukawa mkaa kwa nje, tukapaka oili chafu ya gari, tukaisimamisha mbali na kichuguu. Hiyo ndiyo dawa tuliyokuwa nayo pale dawa ya dukani ilipokosekana, na ilikosekana mara nyingi. Mchwa hapendi mkaa. Bungua naye anapenda gome, kwa hiyo mti usioubandua umemtandikia blanketi.

Halafu alikuwepo Salehe, mwenzetu kutoka Tanga mjini, mtu wa maneno. Alituambia kwamba kwao pwani kuna kombe, kiumbe wa baharini mwenye ganda, anayetoboa jiwe. Tulimzomea wiki nzima. Mdudu kutoboa mti, sawa, mti unalika. Lakini jiwe? Aliporudi kutoka likizo alileta kipande cha jiwe la baharini kimejaa matundu, na ndani ya tundu moja kombe mwenyewe amekauka, amekaa sawasawa kama kisu kwenye ala. Mzee Hoza alikishika kile kipande kwa muda mrefu. "Basi hakuna kitu kigumu," akasema. Alikiweka kwenye mfuko wake wa vifaa, na Salehe hakupata kukiona tena.

Nafikiri tayari wakati huo masikio ya Mzee Hoza yalikuwa yameanza kuziba.

Tulianza kuligundua kwa "marahaba". Mzee Hoza alikuwa mtu wa kuitikia salamu vizuri, lakini ikafika mahali akawa anaitikia hata asiposalimiwa. Salehe anasema, "Mzee, kamba imeisha," naye anajibu, "Marahaba, mwanangu." Mwenye hoteli pale stendi ya Korogwe anamuuliza kama ataongeza maharage, naye, "Marahaba." Akiona midomo inasogea na uso una heshima, anaitikia. Tulijua. Lakini hakuna aliyesema. Unamwambiaje mtu aliyekufundisha kusikiliza kwamba yeye mwenyewe hasikii? Malezi yetu hayakuwa na mlango wa maneno hayo. Mkubwa akikosea unatazama pembeni, unakohoa, unasubiri Mungu amwambie.

Siku tuliyofika mwisho wa kukohoa tulikuwa Mnyuzi, kwenye laini iliyopita sambamba na reli. Ilikuwa asubuhi yenye jua, na watu wamekaa na mizigo yao wakisubiri treni, wanatutazama kwa kukosa la kufanya. Mzee Hoza akaifikia nguzo, akabisha hodi kama kawaida yake, akainamisha kichwa.

"Nzima," akasema. "Panda, Mhina."

Nguzo ilikuwa imesema pu. Niliisikia mimi, aliisikia Salehe, na naapa aliisikia hata yule mama muuza machungwa, maana aliinua kichwa. Nikatazama mkanda wangu. Nikatazama viatu.

"Mzee, kamba ya kiatu imekatika," nikasema kwa sauti kubwa. Haikuwa imekatika.

"Salehe, panda wewe."

"Mzee, leo nimeamka na kizunguzungu," akasema Salehe, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaimba.

Mzee Hoza akatutazama mmoja mmoja. Hakukasirika. Alidhani tumechoka. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. "Basi leteni mkanda," akasema, "nipande mimi."

Vijana, nimeshaona watu wakianguka kutoka juu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikimwona mzee yule anafunga mkanda huku sisi tumesimama na adabu zetu. Alikuwa ameshachomeka chuma cha mguu mmoja kwenye mti. Nikamshika mkanda kwa nyuma.

"Mzee, usipande. Imeoza."

"Mimi nimegonga."

"Mzee, hukusikia."

Nilisema mbele ya watu wa Mnyuzi, kwa sauti ya kumfikia, yaani karibu nipige kelele. Salehe akatazama chini. Mzee Hoza akakaa vilevile, mguu mmoja kwenye mti, mwingine ardhini. Halafu akaushusha polepole, akafungua mkanda, akanipa. Tuliifunga nguzo kamba tukavuta kutoka mbali. Haikuhitaji nguvu. Ilikatika usawa wa kiuno, ikatoa vumbi kama gunia la unga lililopasuka, na mchwa wakamwagika kutoka ndani wakitafuta giza.

Wakati wa kula tulikaa kwenye tuta la reli na ugali wetu na dagaa. Yeye hakula. Aliegemeza nyundo yake kwenye goti akaiangalia.

"Mmejua tangu lini?" akauliza.

Sisi tukauinamia ugali. Akauliza tena. Ndipo Salehe akasema kwamba tangu mvua zilizopita, kila nguzo Mzee aliyoigonga, yeye huizunguka kwa nyuma akijifanya anakojoa, na kuigonga tena kwa spana. Mimi nikamtazama Salehe. Na mimi nilikuwa nafanya hivyohivyo, kwa kisigino cha kiatu, nikijifanya natoa tope. Wenzetu wengine wawili wa genge nao wakakiri, kila mmoja na ujanja wake. Kumbe kila nguzo ya laini ile ilikuwa imebishiwa hodi na genge zima, mmoja mmoja, kwa siri, na wote tulijiona wema.

Mzee Hoza akacheka kidogo. Halafu machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Masikio yangu yamebunguliwa," akasema. "Nilijua. Nilidhani nyinyi hamjui. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kingekuwa cha mtoto wa mtu." Akanigeukia. "Mhina, kuanzia leo usinistahi mpaka mtu afe. Nisiposikia, niambie sikusikia. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka."

Nilijua alichokuwa anakiogopa. Mtu asiyesikia hawezi kuongoza genge la laini, na Mzee Hoza hakuwa na maisha mengine. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, wanawe wamesambaa, na Kwashemshi kulikuwa na nyumba yenye mlango uliofungwa. Kumrudisha kule kulikuwa ni kumfukia kabla ya siku yake.

Lakini tulipata njia nyingine, na ilikuja kwa bahati. Siku moja ameishika spana kwa meno, mikono yake miwili iko kwenye kamba, na ncha ya spana imegusa nguzo niliyokuwa naigonga. Akashtuka kama ameumwa na siafu.

"Rudia," akasema bila kuitoa spana mdomoni.

Nikarudia. Akafumba macho. Masikio yalikuwa yamekufa lakini mifupa ya taya ilikuwa hai, na hodi ilipita kwenye chuma, ikapita kwenye meno, ikafika nyumbani. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa nagonga na yeye anauma. Alikuja kuizoea mpaka akawa anaonyesha kwa kidole: hapa, na pale, na huku juu usawa wa kichwa cha twiga.

Msimamizi wa wilaya alipokuja kukagua, kijana mpole aliyetoka masomoni, tulitaka kuficha. Mzee Hoza akatukatalia. Akamwendea mwenyewe akamwambia, "Bwana msimamizi, mimi sisikii. Anayegonga ni Mhina, mimi nasikiliza kwa meno." Yule kijana hakucheka. Akaomba spana, akaifuta kwa leso, akaiuma, akaniambia nigonge. Nikagonga. Uso wake ukabadilika kama mtoto aliyeonjeshwa asali. Aliigeuzageuza spana mkononi, kwa sababu kanuni zilikuwa upande mmoja na mtu alikuwa upande mwingine. Mwishoni akasema: nguzo isipandwe mpaka majibu mawili yakubaliane, la sikio na la jino. Yasipokubaliana, haipandwi, hata aagize yeye mwenyewe. Tukakubali, na Mzee Hoza akabaki kwenye genge.

Kanuni ni rahisi kuikubali siku ambayo hakuna anayekusubiri.

Tuliitwa kijiji kimoja kipya ng'ambo ya Sindeni, laini ya zahanati imekatika. Tulipofika tulimkuta nesi amesimama barabarani. Ndani kulikuwa na mwanamke wa Kimaasai, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya. Gari la hospitali lingetoka Handeni kama mtu angeweza kuliita, na simu ilikuwa imekufa. Mumewe, kijana aitwaye Lemomo, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja ameegemea fimbo yake ya kuchungia. Alitutazama tu, na nyaya juu ya kichwa chake zilikuwa zinaning'inia.

Nguzo yenye tatizo ilikuwa hapohapo karibu na zahanati. Nikabisha hodi chini, kifuani, juu mkono ulipofika. Sauti kavu, fupi, safi. Nguzo nzima. Nikaanza kufunga mkanda. Mzee Hoza akauma spana, akaniashiria nigonge tena. Nikagonga. Akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema.

"Mzee, ni nzima. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Miguu ni mizima. Kifua chake kule juu ni kibovu. Usipande."

Nesi akaja mbio. "Kuna nini? Pandeni basi, mama yule anakwisha." Akamtazama Mzee Hoza na spana yake mdomoni, akanigeukia mimi. "Mzee huyu si hasikii? Mnamsikilizaje?"

Watu walikuwa wamekusanyika. Wote walikuwa wananitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na masikio. Ningesema neno moja tu, kwamba kweli hasikii, na ningepanda, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa nimeshalisema neno hilo kule Mnyuzi likaokoa mtu. Nikamtazama Mzee. Hakunibembeleza. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, akisubiri kuona kama nitavunja mlango.

"Hasikii," nikamwambia nesi. "Lakini nguzo hii amenishinda kuijua. Sipandi."

Lemomo akaiinua fimbo yake, na nilidhani atanipiga. Mzee Hoza alikuwa ameshanipita, anatembea haraka kuelekea nguzo ya nyuma, upande wa Handeni, huku ananiita kwa mkono. Ndipo nikaelewa, nikaona haya kwamba sikuelewa mapema. Tulikuwa na simu ya mfuko, ile tuliyopimia laini. Waya ulikatika kwenye nguzo mbovu, lakini kutoka nguzo ya nyuma mpaka Handeni ulikuwa mzima. Ya nini kutengeneza simu ya zahanati kwanza? Tubishe hodi kwenye nguzo ya nyuma, tuchomeke simu yetu pale, tuite gari kwa midomo yetu.

Nikagonga, akauma. Tukakubaliana. Nilipanda nguzo ile kama kima, nikafunga waya mmoja wa simu ile kwenye laini na Salehe akaushindilia mwingine ardhini, nikaongea na Handeni nimening'inia juu. Gari likaja. Lilichelewa, barabara ilikuwa ya Handeni, mashimo matupu, lakini lilikuja, na walimbeba mama yule akiwa bado anapumua na analaani kwa Kimaasai.

Baada ya vumbi la gari kutulia tuliirudia nguzo ya kwanza. Tukaifunga kamba, tukafungua waya kwa ngazi tuliyoiunda hapo na kuiegemeza kwenye miti yenye panda, tukaivuta. Mguu wake haukutikisika. Ilikatika juu kabisa, pale ambapo tumbo langu lingekuwa limelala na mkanda umenifunga. Ndani kulikuwa na mabungua, mapango kwa mapango, na ngozi ya nje imebaki nyembamba kama ganda la karanga. Nikaokota kipande kikasagika mkononi. Nilikaa chini. Mzee Hoza akaja akakaa karibu yangu, akatoa mfukoni kile kipande cha jiwe la Salehe, akakitazama, akakirudisha.

"Nilidhani utapanda," akasema.

"Na mimi nilidhani nitapanda, Mzee."

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, na mama yake alipona. Salehe alituma salamu kwamba aitwe Simu, baba yake akakataa kabisa. Lakini tulipopita tena, Lemomo alikuwa anatusubiri barabarani. Alimpa Mzee Hoza ile fimbo yake ya kuchungia, ngumu, nyeusi, imelainishwa na mikono. "Chuma kitakuvunja meno," akamwambia. Siku ile alikuwa amemwona na spana mdomoni, na hata asingemwona, kijijini hakuna siri. Fimbo ile ilisikika kuliko spana. Mzee Hoza aliitumia mpaka alipostaafu kwa heshima zake, siku yake ilipofika, wala si kabla. Nilipokwenda Kwashemshi kumuaga alinipa fimbo na nyundo yenye mpini wa mpera. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, na boriti zake zote alikuwa ameshazibishia hodi.

Fimbo iko nyuma ya mlango wangu hapa Handeni. Mwaka huu nimeanza kuitumia. Nikiegemeza ncha yake kwenye boriti na kuiuma, nawasikia bungua wa nyumba yangu wanatafuna, kre kre kre, vizuri kabisa. Watu ndio siwasikii.

Juzi mjukuu wangu, huyu anayefunga minara, alikuja kunitazama. Alisimama mlangoni midomo ikisogea, nami nikamwitikia, "Marahaba, baba." Akatazama pembeni, akakohoa. Baadaye mama yake akaniandikia kwenye karatasi alichokuwa ameniambia: kwamba mwenzake ameanguka kutoka kwenye mnara, na anaogopa kurudi kazini, na alikuwa ananiuliza afanye nini.

Mtoto wa watu alibeba jambo zito vile mpaka kwangu, nikamwitikia salamu, naye kwa adabu akalibeba akaondoka nalo.

Ndiyo maana nimeandika haya yote. Mjukuu wangu, na ninyi wenzake, jibu langu ni hili: rudi kazini, lakini bisha hodi kwanza, na usipande mpaka wawili mkubaliane. Na ukija tena kwangu ukaniona naitikia "marahaba" kabla hujanisalimia, usitazame pembeni. Njoo karibu, nishike bega, uniambie kwa sauti kubwa, hata mbele ya watu: Babu, hukusikia.